Presha ya Mama

Kitabu ninachofundishia sayansi darasa la sita kinaiita kanieneo. Nimefundisha kitabu hicho kwa miaka mingi, na nje ya darasa sijamsikia mwanadamu akilitamka neno hilo, si sokoni, si kisimani, si hata kwa mwalimu mkuu. Hospitalini kuna bango ukutani lililoandikwa "shinikizo la damu" kwa herufi nyekundu, na chini ya bango hilo huketi muuguzi ambaye ni kama hajawahi kugeuza shingo akalisoma, maana asemalo yeye ni, "Bibi, presha yako imepanda." Wataalamu wa lugha walihangaika kututafutia maneno mawili mazuri, nasi tukawashukuru, tukachukua la tatu.

Presha kwetu Bagamoyo ni kila kitu. Bomba likitoa maji tone tone, presha hakuna. Tairi la baiskeli likilegea, presha hakuna. Ukisumbuliwa mchango wa harusi, unapewa presha. Mzee akianguka msalani, presha hiyo. Tatizo la neno moja kubeba mizigo yote hii ni kwamba watu husahau kuitenganisha, wakaanza kudhani kwamba mama yao mzazi naye ni bomba.

Mama alipoambiwa ana presha nilikuwa naishi naye, mimi kitinda mimba wake, niliyerudi nyumbani na masanduku yangu baada ya ndoa kunishinda. Tulikaa wawili katika nyumba ya mawe aliyoiacha baba, mitaa michache kutoka soko la samaki. Kaka yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam, anafanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi, na ndiye msemaji wa familia. Yeye mwenyewe ana presha na alianza kumeza vidonge kabla ya mama, lakini ya kwake anaiita uchovu wa kazi.

Kaka aliposikia habari za mama alikuja siku ileile na mashine ya kupimia, ile inayofungwa mkononi, ikavimba, ikalia pii. Alikuja pia na sufuria ya presha, ili mama asikae jikoni muda mrefu akipika maharage. Mama aliitazama sufuria ile, akauliza inaitwaje. Alipoambiwa, akairudisha kwenye boksi.

"Mimi ninayo yangu aliyonipa Mwenyezi Mungu," alisema. "Ya sufuria ya nini tena?"

Mpaka leo iko juu ya kabati, ndani yake mna vitunguu.

Kisha kaka akaitisha kikao. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kukaa kikao cha familia yetu. Azimio likawa moja: mama asiambiwe jambo lolote la kumshtua. Kaka alituelezea kwa mikono jinsi mambo yanavyokuwa. Habari mbaya inaingia sikioni, inashuka kwenye damu, damu inachemka, inapanda kichwani, basi tena. Nilimtazama nikaona hiyo si damu, hayo ni maziwa jikoni. Nikasema damu haichemki kwa habari, kuna moyo unaosukuma na kuna mishipa inayobana, na vidonge vimewekwa kwa ajili hiyo.

"We mwalimu wa darasa la sita," kaka akasema, "hebu tulia."

Nikatulia. Tukaanza kazi ya kumfungia mama dunia. Taarifa ya habari ikija tunabadilisha stesheni. Bei ya sukari ikipanda, nyumbani kwetu inabaki palepale. Jirani akifariki, tunamwambia mama amesafiri. Mtaa wetu ukawa na wasafiri wengi kwa ghafla.

"Na huyu naye kasafiri bila kuniaga?" mama aliuliza siku moja, huku akisikia kisomo kinaendelea nyumba ya tatu.

"Safari ilikuwa ya haraka, mama."

"Naam," akasema. "Hiyo huwa ya haraka."

Nieleze kidogo kuhusu akili ya kaka, maana si mtu mbaya. Mwaka uleule alitujengea tangi la maji. Alitaka maji yashuke bafuni kwa nguvu, akamwambia fundi anyanyue mnara, fundi akanyanyua, kaka akasema bado, fundi akanyanyua tena, hadi tangi likawa linaonekana kutoka ufukweni. Kimo ndicho kinachoyapa maji nguvu ya kushuka, hapo kaka alikuwa sawa kabisa. Alichosahau ni kwamba maji lazima kwanza yapande. Maji ya bomba la mtaa wetu yalifika nusu ya mnara, yakachoka, yakarudi. Tangi limekaa pale juu likiwa kavu, na mama huwaambia wageni kwamba mwanawe amemjengea mnara wa kunguru.

Basi ndiyo tukafika kwenye jambo lenyewe. Mama alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa Saadani zamani akakaa hukohuko. Bibi yetu alikufa mapema, na huyu mama mkubwa ndiye aliyemlea mama, akamsuka, akamfunza kupika, akamkabidhi kwa mume. Walikuwa wakipigiana simu kila Ijumaa baada ya sala, na kila mwezi mama mkubwa alituma kipeto cha kamba wakavu kwa dereva aliyekuwa akija mjini. Kipeto kilifungwa kwa ukindu, fundo lake dogo la kuzungushwa, ambalo mama hakulikata kwa kisu hata siku moja. Alilifungua kwa kucha, pole pole, akauweka ule ukindu kwenye droo.

Mama mkubwa akaugua figo. Alilazwa, akaongezewa damu, halafu madaktari wakamrudisha nyumbani. Kwetu mgonjwa akirudishwa nyumbani bila kupona, kila mtu anaelewa kilichosemwa. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza, alimpigia kaka akasema mama mdogo aje waonane kabla siku hazijakwisha. Kaka akakataa.

"Tukimwambia, presha itapanda," alituambia. "Tutakuwa na misiba miwili. Nani yuko tayari kuibeba?"

Hakuna aliyekuwa tayari. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa akikoboa mpunga wake uani na kuimba kaswida, huku dada yake akiisha upande wa pili wa mto Wami, na sisi tulio na elimu zetu tukijadiliana kwenye simu jinsi ya kumlinda. Nilikuwa na hasira, na sikujua niitue wapi.

Ili tuzungumze bila mama kujua, kaka alitunga lugha. Mama mkubwa akawa "gari". Gari imelala gereji. Gari imeamka vizuri leo. Fundi anasema injini imechoka. Ilikwenda hivyo kwa majuma kadhaa, na kusema kweli tulianza kuona fahari, kama majasusi. Mpaka jioni moja kaka akapiga simu nami nikiwa nachambua mchele, mikono imejaa, nikabonyeza spika bila kufikiri.

"Gari haili," kaka akasema kwa sauti ya mtu aliyekaribia kulia. "Tangu jana haili kabisa."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua chache kutoka kwangu. Akainua uso.

"Gari gani hiyo isiyokula?"

Kisha kaka, ambaye hapo ndipo nilipomwonea huruma, akasema, "Haili mafuta, mama. Gari yangu. Haili mafuta."

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Gari isiyokula mafuta ni faida. Ishike sana."

Akarudi kwenye kazi yake. Nilimwangalia kwa muda mrefu usiofaa, sikuona kitu usoni pake.

Ilikuwa kipupwe, majira ambayo hata mafuta ya nazi huganda asubuhi kwenye chupa, mama akayaweka dirishani jua lipige ndipo ajipake. Jumamosi moja nilikuwa natayarisha somo la jinsi vimiminika vinavyotanuka kwa joto. Shule yetu haina vifaa, kwa hiyo vifaa ni mimi. Nilichukua chupa ndogo ya kioo, nikaijaza mpaka pomoni maji niliyotia rangi ya ubuyu, nikatoboa kizibo, nikapitisha mrija wa kalamu ya biro, nikaziba pembeni kwa nta ya mshumaa. Maji mekundu yakasimama kidogo ndani ya mrija. Kisha nikaitia chupa kwenye bakuli la maji ya moto, juu ya meza ya jikoni.

Mama akaja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akavuta kiti.

"Mbona yameshuka?" akauliza.

Ana macho makali. Kwanza hushuka, kidogo sana, wanafunzi wengi hata hawaoni. Nikamweleza kwamba moto huifikia chupa kwanza, chupa inatanuka, maji yanapata nafasi. Baadaye moto huyafikia maji yenyewe, na maji hutanuka kuliko kioo, ndipo yanapopanda. Tukangoja. Yakaanza kupanda, uzi mwekundu ndani ya mrija, juu, juu, mpaka yakatokeza kwenye ncha na kutiririka nje.

"Lo," mama akasema. "Nani anayasukuma?"

"Hakuna anayeyasukuma, mama. Yamepata moto yanataka nafasi, na chupa imezibwa. Njia ni hiyo moja tu nyembamba, ndiyo maana unayaona yanapanda kwa haraka namna hiyo."

"Na kama kizibo kingetolewa?"

"Yangetanuka vilevile, lakini mdomo wa chupa ni mpana. Yangenyanyuka kidogo tu, usingeona kitu cha kukushtua."

Mama akanywa chai yake. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Basi nitoleeni kizibo," akasema. "Dada yangu yu hai?"

Nikasema yu hai. Nikasema anaumwa sana. Nikaanza kusema tulikuwa tunaogopa, akanyanyua mkono kunizuia.

"Mnaogopa. Najua. Kipeto cha mwezi juzi kilikuja kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Cha mwezi uliopita hakikuja. Ijumaa nampigia dada, anapokea binti yake, anasema mama yuko shamba. Dada yangu ana shamba gani, mtu wa kuanika samaki? Halafu kaka yako ananiletea gari iliyoongezewa damu."

"Ulisikia na hilo?"

"Presha yangu haiko masikioni, mwanangu."

Nikamuuliza, na hapa sauti yangu ilikuwa kali kuliko inavyostahili kumwambia mama, kwa nini basi alinyamaza muda wote huo. Kwa nini hakusema tu kwamba anajua, tukaenda? Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa darasa la sita.

"Kaka yako ana presha," akasema. "Mbaya kuliko yangu. Anakuja hapa macho mekundu, anauliza, 'Mama, umemeza dawa?' Nikimwambia najua, si ataanguka? Nikasema nimwache, akiwa tayari ataniambia. Naona hatakuwa tayari, na dada hawezi kumngoja."

Machozi yalimtoka bila sauti. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema, na sisi tulikuwa tumeficha maradhi ya mtu mwingine kabisa, tukayaficha kwa mtu ambaye tayari anayo habari, naye anatuficha kwamba anayo. Familia nzima imezibwa kwa nta.

Kesho yake alfajiri nilimwomba jirani mwenye gari atupeleke. Kaka sikumwambia. Tulikuwa tumekwisha vuka daraja la Wami simu ikaita.

"Nimepiga nyumbani hakuna mtu," kaka akasema. "Mama yuko wapi?"

"Tumekwenda kuangalia gari," nikamjibu, nikazima simu. Mama, aliyekaa kiti cha mbele na kanga mbili mpya mapajani, hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Saadani tulipokewa mlangoni na binti wa mama mkubwa. Alipomwona mama alishika kichwa, akanivuta pembeni. Kumbe na wao walikuwa na kikao chao. Mama mkubwa alipokuwa akiuliza mbona mdogo wake haji, wasingeweza kumwambia kwamba mdogo wake hajaambiwa, ingemuumiza. Wala wasingemwambia kwamba mdogo wake ana presha, ingemtia hofu. Kwa hiyo walimwambia amekwenda Umra.

"Umra?" nikasema. "Majuma yote haya?"

"Tulisema ndege zimekuwa za shida," akanong'ona.

Hatukuwahi kumwonya mama, maana alikuwa amekwisha kuvua viatu na kuingia. Mama mkubwa alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, amekonda, uso umevimba, mikono imebaki mifupa. Mama akapiga magoti kando ya kitanda akaushika ule mkono, kama alivyofunzwa na mwenye mkono huohuo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mama mkubwa akamtazama kwa jicho moja lililofunguka vizuri. "Karibu, hajati. Zamzam yangu iko wapi?"

Mama hakujua kitu kuhusu Umra. Aligeuka akanitazama, akamtazama binti aliyesimama mlangoni akiwa amejifunika mdomo kwa mtandio, akaelewa yote kwa mara moja. Akamgeukia dada yake.

"Imemwagika njiani, dada. Niliijaza chupa pomoni, jua likaipiga, ikatanuka, ikatoa kizibo."

Mama mkubwa akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu asiye na pumzi, lakini kilimtoka tumboni, na mama akacheka naye, wakacheka mpaka wakaanza kulia, na hatukujua tena kipi ni kipi. Mama mkubwa akasema alijua tangu siku ya kwanza, maana mdogo wake hawezi kwenda Makka bila kumpigia simu ya kumwomba radhi. Tulitoka nje tukawaacha. Nilikaa kwenye gogo pale uani, nikalia mpaka nikaridhika.

Jioni nilimpima mama, kwa sababu kaka alikuwa amepiga mara nyingi nikamwahidi. Presha ilikuwa juu. Ningependa kusema ilishuka, ningekuwa na somo zuri la kuwapa wanafunzi, lakini ilikuwa juu, na damu si maji ya ubuyu. Mama akaisoma namba kwenye kioo cha mashine bila kushtuka.

"Ilikuwa juu hata mliponificha," akasema. "Nipe dawa yangu, nirudi kwa dada."

Akameza, akarudi. Hakuondoka tena. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimsuka zile nywele chache zilizobaki. Mimi nilirudi kazini katikati ya juma, nikaja tena Ijumaa. Kaka alikuwa akisema atakuja Jumapili, halafu akasema Jumapili ijayo. Alikuwa anaogopa, naamini, kuliko mtu yeyote kati yetu.

Mama mkubwa alikata roho asubuhi, kichwa chake kwenye mapaja ya mama. Mama ndiye aliyemfumba macho. Akakaa pale kwa muda, akasema yale anayosema Mwislamu, kisha akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka.

"Nipe simu. Nimpigie kaka yako."

Nikasema niache nimpigie mimi. Akatikisa kichwa. Nikamtafutia namba, nikamshikisha.

"Mwanangu," akasema. "Umemeza dawa yako leo?"

Nilisikia sauti ya kaka, nyembamba, ikisema amemeza.

"Umekaa au umesimama?"

Akasema amesimama, yuko ofisini.

"Kaa kitako."

Tukasikia kiti kikivutwa.

"Ile gari yako, mwanangu," mama akasema, polepole sana, "imezimika."

Kaka akaanza kulia, kwa sauti, mtu mzima mwenye ofisi. Mama hakumwambia anyamaze. Alishika simu sikioni mpaka alipomaliza.